Nyumba ya Mtaa wa Halloran

Dayton, Ohio
9 Oktoba 2003

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Alabama, na kwamba goti limepoa tangu kaka Raymond akuwekee kishikio cha ngazini. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, na Denise anawatangazia wenzake shuleni kwamba bibi yake anarudi Ohio kabla ya theluji, ila chumba chake kisiguswe.

Kwanza nikupe habari njema: nimefaulu. Leseni ya udalali wa nyumba ninayo mkononi. Aliyenifikisha hapa ni Bi Imogene Kittrell, mwalimu wetu wa darasa la jioni. Ungempenda, Mama. Mfupi, havui kofia hata darasani, na mdomo anao. Siku ya somo la sheria ya makazi alitaka kila mtu asimame auze nyumba ya kubuni. Gerald, jamaa aliyekuwa dereva wa lori, akaisifia yake kwamba iko kwenye mtaa wa watu wastaarabu. Bi Kittrell akamuuliza hao wastaarabu wako chumba cha ngapi, maana yeye ameonyeshwa vyumba vitatu na choo tu. Tulicheka mpaka Gerald akaketi mwenyewe. Ndipo Bi Kittrell akatuambia tuseme paa, tuseme jiko, tuseme kituo cha basi kiko wapi, lakini majirani si mali yetu, hatuna ruhusa ya kuwauza.

Sheria yenyewe ni hiyo. Dalali haruhusiwi kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia, asili, ulemavu, wala kwa kuwa na watoto. Na si kumfukuza mlangoni tu. Hata kumwelekeza upande fulani wa mji kwa sababu eti huko ndiko waliko wenzake ni kosa, na leseni inaweza kukutoka.

Bi Kittrell haya hakuyasoma kitabuni peke yake. Ujanani alikuwa akitumwa na chama cha kutetea haki za makazi kwenye ofisi za madalali ajifanye mnunuzi, na nyuma yake anatumwa mwanamke mzungu mwenye kipato kilekile. Alituambia hakuna mahali alipotukanwa. Alipewa kiti, akapewa kahawa, akaulizwa hali ya mama yake, halafu akaambiwa kwa masikitiko kwamba nyumba imeshachukuliwa. Mwenzake alipofika baadaye siku hiyohiyo, alikabidhiwa funguo akaitazame. Kwa miaka mingi mama huyu alikunywa kahawa ya watu wanaomdanganya, akatabasamu, kisha akaenda kutoa ushahidi mahakamani. Mimi ningemwagia mtu kikombe siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniandikia kwamba kwa kuwa binti yako sasa ni dalali, nikutafutie kijumba kwenye mtaa wenye watu wetu weusi, mahali ambapo hutajisikia mgeni. Mama, siwezi kukujibu hilo. Najua utasema nimepata leseni juzi na kiburi leo, na Raymond atakuunga mkono. Nivumilie, kuna jambo nimelibeba tangu darasani, na limenilemea.

Jioni ileile ya somo la sheria Bi Kittrell aliuliza nani amewahi kumjua dalali mwema. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu. Nikawasimulia habari za Bwana Lindquist kama ulivyotusimulia wewe miaka yote. Jinsi mwaka wa sabini na nne wewe na Baba mlivyoipenda ile nyumba ya matofali ya Mtaa wa Halloran, yenye mti wa matufaha, karibu na kiwanda cha Baba. Jinsi alivyosimama nanyi barazani akasema nyumba ni nzuri, lakini anakuonea huruma wewe na mtoto, mtakuwa wapweke hapo, afadhali awapeleke ng'ambo ya mto mkajisikie nyumbani. Na jinsi alivyowaletea bata mzinga kila Sikukuu ya Shukrani mpaka alipostaafu. Nilisimulia kwa majivuno, Mama.

Bi Kittrell hakunikemea. Aliniuliza kwa upole kama Bwana Lindquist aliwahi kuufungua mlango wa nyumba ile. Hadithi yako haijawahi kupita barazani. Mwaka huo wa sabini na nne sheria ilikuwa na umri wa miaka sita. Mlikuwa na haki ya kuingia, naye alijua.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Si kwako. Nyumba ulimotulelea ilikuwa nzuri kwa sababu yako, si kwa sababu yake. Nadhani hata Baba alijua. Unakumbuka ulivyokuwa ukimgombeza kwa kutomgusa yule bata mzinga, na yeye akijitetea kwamba nyama yake inamkausha koo? Krismasi kwa shangazi Lucille alikuwa akimfyonza bata mzinga mpaka mifupa. Hakukwambia kitu. Nafikiri hakutaka kukuharibia ule wema.

Basi njoo. Nitakuonyesha nyumba upande wowote wa mto, na wewe ndiye utakayechagua. Ile yenye mti wa matufaha wenyewe hawaiuzi, lakini ya pili kutoka pale inauzwa, na siku ukifika nitakuwa na ufunguo. Kama hutaipenda, nitakuendesha ng'ambo bila kinyongo. Lakini safari hii utaikataa ukiwa ndani.

Msalimie Raymond na mkewe, na wote wanaouliza habari zangu kanisani. Lilinde goti lako, ila usihofu, ngazi za pale Halloran ni chache, nimezitazama.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Coralee