Unywele Katika Kila Pembetatu

Kamenu, Thika
3 Machi 2025

Kwako mama yangu Waruguru (binti yangu, jina la mama yangu ulilibeba, kwa hivyo heshima ni lazima),

Ninasikitika kuutangazia umma kwamba brashi yangu ya inchi mbili, iliyoandika mabango ya nusu ya Thika, imestaafu rasmi leo saa nne, baada ya chai. Waliohudhuria ni mimi na kuku.

Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Wewe je? Ruiru mvua imefika? Nasikia Sheetal wa duka la mapazia hapa Thika amekurudishia mchoro wa ukuta wake mara mbili. Nimeuangalia kwenye simu. Mistari ya pembetatu imenyooka hata inaogopesha, lakini katikati rangi imelala tu, kama uji uliopoa. Nimekufungia karatasi niliyoipiga brashi mara moja, rangi ya kutu. Iingize kwa hiyo kompyuta, ujaze nayo.

Baba yako,
Ephantus

Ruiru
11 Machi

Baba,

Goti linasemaje? Mimi niko poa, mvua bado.

Ule mpigo wako niliufanya brashi ya kompyuta. Nikigusa kati ya mistari, pembetatu inajaa yenyewe, na mikwaruzo yote. Nilijaza sitini. Zilipendeza, wacha tu! Sheetal akakuna skrini kwa ukucha. "Waruguru, hii ni nywele?"

Baba, brashi yako iliacha unywele kwenye rangi. Sasa uko katika pembetatu zote sitini, umejikunja vilevile, pembe ileile. Amenipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo kazi inaenda kwa Kiama, yule anayechora mabasi ya shule. Huu ndio ukuta wangu wa kwanza. Nisaidie, na usicheke.

Binti yako,
Waruguru

Kamenu
14 Machi

Mama,

Nilicheka. Nisamehe. Goti linakusalimu.

Unywele hauna kosa. Nimeacha nywele kwenye mabango miaka thelathini na hakuna aliyeona, kwa sababu kila unywele ulijilalia mahali pake. Kosa ni kutaka mpigo mmoja ujaze ukuta mzima. Nimekupigia mipigo sitini, hakuna unaofanana na mwenzake. Pembetatu ikiwa ndefu, rangi ifuate ule upande mrefu. Na usiufikie mstari kabisa. Bakisha upana wa uzi.

Brashi ni ileile iliyostaafu. Nimeirudisha kazini bila barua.

Baba yako

Ruiru
22 Machi

Baba,

Uko salama? Sheetal amekubali! Aliangalia pembetatu moja moja, mpaka nikaanza kumchukia, halafu akasema, "Sasa hii ina mkono wa mtu." Inachapishwa na kubandikwa ukuta wote wa nyuma, futi ishirini. Enda uone. Na uvae koti, tafadhali, si ile sweta.

Binti yako

Kamenu
9 Aprili

Mama,

Salamu nyingi, natumaini hujambo kama mimi.

Nilivaa koti. Nilienda na Erastus wa kwaya ili awe shahidi, maana mimi nikijisifu peke yangu haamini mtu. Sheetal alitupokea kwa chai ya tangawizi, akamwambia kila mteja aliyeingia, "Huyu mzee ndiye baba wa ukuta." Erastus naye akaanza kuwapa mikono kama bibi harusi. Tulikaa saa nzima, nimefurahi sana.

Mapazia ya Pasaka yalifika Jumatatu, kwa hivyo rafu zimepangwa mbele ya ukuta. Inaonekana pembetatu moja, juu ya soketi.

Baba yako