Hewa Ndani ya Sindano

Kambi ya wakimbizi Dzaleka, 4 Mei 2001

Gabriella,
Bwana asifiwe. Uko muzima? Batoto? Mi niko, hata kama mulitaka nisikuwe.
Usiulize sababu gani nilitoroka kwa ule kitanda cha hospitali ya Lilongwe. Nilimuona dokta wako na macho yangu: maji ya chumvi na hewa ndani ya sindano mbili, anasukuma huku, anasukuma kule, mpaka povu. Halafu, "Mzee, leta mkono." Povu ndani ya damu! Mi nilipiga Fizi yote sindano, kule kwetu, mbele ya vita kututoa. Unasimamisha sindano, unagonga na kidole, hewa inatoka. Hewa inaua mutu! Na nani alinishika mabega? Bwana yako Ntirampeba, ule Murundi uliolewa naye bila kuniuliza. Alikuwa anacheka.
Baba yako Lwaboshi, fundi wa sindano

Lilongwe, 9 Mei

Baba,
Jambo. Siye tuko wazima. Mkono unaendelea namna gani? Huo mkono umekufa ganzi ukarudi, ukafa tena ukarudi. Dokta anafikiri moyo wako uko na tundu, damu iliyoganda inapita pale inapanda kichwani, njo mkono unakufa. Vile vipovu vinang'aa kwenye ekografi, ile mashine ya kuonyesha moyo. Vikivuka upande wa pili wa moyo, tundu liko. Ni vidogo sana, baba, vikifika kwenye mapafu vinaisha.
Na Ntirampeba hakucheka. Sura yake njo inakuwa vile akiogopa.
Dokta anarudi kwao mwisho wa mwezi. Kiburi kitakuua kabla ya hewa.
Binti yako, Gabriella

Dzaleka, 13 Mei

Gabriella,
Salamu ni fupi sababu umenikosea heshima. Mapafu! Nani alikufundisha hilo neno? Mi! Basi sikia: kama povu ni kitu kizuri, bampige Ntirampeba ile sindano mbele yangu. Akiamka, nitawaza. Asipoamka, nitakusaidia kulia kidogo.
Baba yako asiyedanganywa

Lilongwe, 18 Mei

Baba,
Hatujambo wote, hata Ntirampeba. Jana alilala kwenye kile kitanda, akapigwa ile povu. Nilimuomba akatae, sababu ya batoto. Dokta naye alikasirika, mwisho akakubali. Nikaona moyo wa bwana yangu kama kwenye televizio: upande mmoja ukajaa weupe wa sabuni, upande wa pili ukabaki mweusi. Hana tundu. Aliamka akauliza sahani yake ya nsima iko wapi. Halafu akasema, "Sasa mzee atatafuta uwongo gani?"
Dokta anaondoka Ijumaa ijayo. Usipokuja, sitakuja kukuzika.
Gabriella

Dzaleka, 22 Mei

Gabriella,
Leo sikuulizi hali. Na usicheke mwandiko, ni mkono wa kushoto. Wa kuume ulikufa juzi, siku ya Mungu, haujarudi. Hata kugonga sindano hauwezi.
Kesho kabaza atanifikisha barabarani na baiskeli yake. Si kwamba nimekubali. Na mshipa nitauchagua mwenyewe, dokta asiguse kwanza.
Mwambie ule Murundi anishike, nisianguke. Ashike mkono wa kuume. Ule hausikii kitu, sitajua kama ni yeye.
Baba yako