Ile Chupa Niliyoiosha

Mpendwa dada Wanja,

Niaje huko kwa shangazi? Ni mimi mdogo wako mtanashati, bingwa wa kuosha vyombo vya maabara Nakuru nzima, ingawa leo nimechoka hadi masharubu, yote manne.

Unakumbuka stoo ya viazi vya mbegu kule Dundori? Uliinua kiazi kimoja, vingine vinne vikafuata, machipukizi yameshikana. Ukaniambia unabuni molekuli zenye matawi hivyo, ambazo zikitulia kwenye maji zinatafutana, zinajipanga, zinafuma wavu. Nikauliza nani anazipanga.

"Hakuna mtu. Kazi yangu ni kuchagua matawi, halafu nisiziguse."

Nikasema hiyo ni digrii ya uvivu.

Miezi yote ile chupa zako zilibaki maji. Nilikuwa naziosha nikikutania kwamba heri ungeuza chai. Ile ya mwisho uliiacha kwenye rafu ukampeleka mama kliniki. Nilipoinama kuitazama, ilikuwa imeganda.

Sasa dada, si unajua nimekua nikibeba maziwa hadi kwa gari la kukusanya. Yakiganda yanakataliwa mbele ya watu, na mama alitufundisha: mwaga, sugua mkebe, nyamaza. Nikajua jasho lako limeharibika. Nikamwaga, nikasugua kwa maji moto. Uliporudi ukauliza imekuwaje, nikaona nikufichie aibu.

"Ilikuwa maji tu," nikakujibu.

Hukunigombeza. Ulikaa kwenye stuli, ukavua koti jeupe, ukalikunja vizuri sana. Kesho yake ulikuwa umeenda kwa shangazi.

Wiki jana mwanafunzi mwingine aligeuza chupa yake juu chini mbele ya mwalimu, na kilichokuwa ndani kikakataa kuanguka. Kilikuwa kimeganda kama chako. Wakampigia makofi. Mimi nilitoka nikakaa kwa ngazi, glavu bado mkononi.

Ilishika, Wanja. Zilijipanga zenyewe, zikafuma wavu ulioshika maji, vile ulisema. Mimi ndiye niliyezimwaga, na ukaacha masomo kwa sababu ya uongo wangu. Tangu siku hiyo nalala na kuamka nikiwa nimechoka vilevile.

Unga wa molekuli zako uliobaki uko kwenye kabati, nimeandika jina lako juu kwa mwandiko wangu wa kuku. Koti nimelifua. Njoo uchanganye tena. Hiyo chupa ikiwa kwenye rafu, mikono yangu itakaa mfukoni.

Mdogo wako,
mwenye mikono safi kupita kiasi