Lango la Msikiti wa Kadibodi

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, viatu vya kazini bado viko miguuni. Nimechoka hata kuvivua.

Msikiti wako wa kadibodi bado uko juu ya meza ya kulia, pale ulipouacha ulipotutoka. Kuba la bluu limepauka upande wa dirishani. Tunakula sahani zikiwa magotini, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuusogeza.

Juzi kaka Salim alikuja kutoka Tottenham kunisaidia usafi, maana nikitoka zamu ya kuhudumia wazee sijiwezi. Niliporudi alinipokea kwa furaha: “Dada, mzee alikosea hapa. Lango lilikaa upande, nimelinyoosha.” Alikuwa amelikata kwa wembe na kulibandika upya, likiwa mstari mmoja na kuba.

Sikumgombeza. Kugomba nako kunataka mtu aliyepata usingizi. Lakini iliniuma, Baba. Umekosolewa na hupo kujitetea.

Salim hakuwahi kukusikiliza hadi mwisho. Mimi nilikusikiliza, chai ikipoa: kwamba kule Isfahan, uliko msikiti wenyewe, uwanja wa mji ulitangulia kujengwa, na kibla iko upande mwingine. Waashi wa Kiajemi, miaka mia nne iliyopita, waliliacha lango litazamane na uwanja na watu wake. Ukishaingia, ujia unakukunja kulia hadi kifua kinaelekea Makka. Ulikuwa ukisimama na kunionyesha kwa mabega. “Unaona? Umegeuzwa na hata hujui.” Na Isfahan kwenyewe hukuwahi kufika. Ulichora ramani za nyumba za watu Tanga, kisha ukaja kuzeeka huku ughaibuni, ukijenga kwa maboksi yetu ya Ilford.

Jana nilichukua wembe nilirudishe lango upande, kama ulivyoliweka. Nikakata vibaya. Nikabandika, lango likaanguka, nikabandika tena na kulishikilia mpaka gundi ikakauka. Hapo ndipo nilipolia. Tangu tukuzike nilikuwa sijalia; zamu, mabasi, watoto, nafasi sikuipata.

Siwezi kuulinda tena, Baba. Kila siku kuufuta vumbi, kila siku kuwafukuza wajukuu zako wasiuguse. Hukuujenga ili niwe askari wake. Jumamosi naupeleka chuo cha Kurani, watoto waushike, waingize vidole kwenye ujia. Watauvunja, nawajua.

Kwaheri, Baba. Mwenyezi Mungu akupe mapumziko ambayo mimi sijayapata. Nakuahidi hivi: siku wakilivunja lango, sitalitengeneza mimi. Nitawapa gundi, nitakaa karibu yao, niwaonyeshe linavyotakiwa kukaa.

Mwanao,
Zuhura