Kitanda cha Dirishani

Jumatano. Mvua imetwanga mabati tangu alfajiri, na upepo wa ziwani umetuletea hadi wodini harufu ya viwanda vya minofu ya samaki. Shajara, leo nimelowa mara mbili, na mtu wa umri wangu na kitambi changu hapendezi akilowa.

Nimelowa kwa sababu ya Koku.

Koku ni muuguzi mwenzangu wodi ya watoto. Amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Mtoto wa kitanda cha dirishani alipewa kwinini na zamu ya asubuhi. Haikuandikwa, wala kwenye makabidhiano hakuna aliyeisema. Koku akaingia zamu ya mchana, akampa tena bila kuuliza. Mtoto akazimia, akakimbizwa hospitali kubwa. Koku akaambiwa akae nyumbani asubiri kuitwa. Tangu hapo wenzetu wakipita Mirongo, mtaani kwake, wanavuka barabara, utadhani kusimamishwa kazi kunaambukiza.

Mimi sijui kufariji watu. Msibani huwa nakimbilia kupasua kuni ili nisiambiwe niseme neno. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipokwenda kwake nilifanya kitu pekee ninachokiweza: nilimkabidhi zamu. Nikasimama mlangoni, mikono nyuma, nikaanza. Kitanda cha kwanza, nimonia, homa imeshuka. Cha pili, ameruhusiwa, mama yake bado anatafuta ndala. Cha tatu, tunangoja baba alete sindano, maana siku hizi hata sindano mgonjwa anakuja nayo.

Akacheka. Basi ikawa desturi, kila nikitoka kazini napitia kwake kukabidhi.

Kitanda cha dirishani nilikuwa nakiruka. Wote tuliamini ni marufuku kumwambia lolote linalogusa shauri lake.

Kesho ndiyo kikao cha nidhamu. Leo nimemkuta anafunga begi.

"Shikamoo, kaka. Umeleta tena michembe? Nyie Wasukuma mtatumaliza kwa viazi vikavu."

"Marahaba. Tafuna tu, senene wenu, wale panzi wa kukaanga, hawajafika mjini. Begi la nini?"

"Kesho siendi. Narudi kwetu Kagera. Nikienda watanifukuza, nisipokwenda watanifukuza. Bora wanifukuze sipo."

Nikaanza kukabidhi. Nilipomaliza akaacha kufunga begi.

"Kaka, umeruka kitanda."

Nikajifanya nakung'uta mwavuli.

"Kila siku unakiruka. Mimi si mtoto. Amekufa, mnanificha."

Shajara, sikiliza. Yule mtoto mama yake alimleta wodini wiki iliyopita tumwone. Alikuja anatembea, andazi mkononi, akanirukia akajifuta mafuta yote kwenye koti langu. Wodi nzima ilishangilia. Asiyejua alikuwa mmoja tu, huyu ambaye hapati usingizi kwa ajili yake.

"Anakula maandazi!" nilisema. Kwa sauti kubwa mno, jirani akachungulia. "Koku, mzima! Kanichafulia koti!"

Alikaa juu ya begi akalia. Nami nikalia kidogo, nikasingizia mvua, ingawa tulikuwa ndani.

Kisha nikaingiwa na hofu. Nimevunja amri. Nikarudi hospitali na mvua yangu hadi ofisini kwa Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, nikakiri.

Matroni akavua miwani. "Nani alikukataza?"

Nikafikiri. Hakuna. Kila mtu alisikia kwa mwenzake.

"Nilisema msijadili ushahidi," akasema. "Nilidhani habari za mtoto mlimpelekea siku ile ile. Masikini, mbona hata mimi sikwenda?" Akarudisha miwani. "Na mwambie anaruhusiwa kuja kikaoni na mtu wa kukaa naye. Hilo nalo hamkumwambia?"

Nilikuwa tayari mlangoni.

Nikarudi Mirongo, na Koku alinisikiliza bila kunikatiza. Kosa ni kosa, akasema, alipaswa kuuliza, na ataulizwa. Ila sasa ataweza kulijibu. Halafu akasimama wima, mikono nyuma, kama mimi.

"Mgonjwa ni mmoja. Koku. Amelia, amekula michembe kwa shida. Begi limefunguliwa. Kesho anakwenda kikaoni, na anaogopa. Asiachwe peke yake."

"Nimepokea," nikamjibu, maana ndivyo anavyojibu anayeingia zamu.

Sijui kesho wataamua nini. Huenda wakamrudisha, huenda wasimrudishe. Mimi nitakuwa kwenye benchi, mkono wake wa kushoto, na nimeahidi kutosema utani. Nitajitahidi.

Koti langu la heshima ni lile lile lenye doa la mafuta. Mama Neema amelichukua alifue. Nimemwambia, mke wangu, hilo doa liache. Kesho nataka Koku alione.