Mama, Duka Lako Halikuwa na Upande

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono wangu umekataa kukuandikia bila salamu.

Jana redio ya jirani ilirudia kwamba nchi yetu haifungamani na upande wowote katika vita vya Kongo, inataka watu wakae wazungumze. Nikacheka peke yangu dukani. Nilikukumbuka ulivyokuwa ukiijibu redio hiyo ukiwa umekaa juu ya marobota ya vitenge: "Na mimi sifungamani. Haya, nani hajala?"

Ulikuwa mbishi, mama, tena wa kuudhi. Atakayekutwa dukani mama ntilie akileta chakula cha mchana, atakula, na sinia ni moja, hata kama ameingia kuuliza bei tu. Vita vilipowafungia njia ya kurudi kwao Kongo wateja wako wawili hapa Kariakoo, Mama Zawadi na Mama Aline, ukawaketisha kwenye sinia hilohilo. Walitoka mji mmoja, lakini watu wao ndio waliokuwa wakiuana. Walikula bila kutazamana. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba kisamvu chetu hakifikii kile chao wanachokiita sombe, na wewe ukanuna mchana kutwa.

"Mama Upendo, chagua," Mama Zawadi alikwambia siku moja kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Mimi ao yule nyoka."

"Mimi nauza vitenge, mdogo wangu. Sichagui watu."

Mtaa mzima ulisema wewe unakwepa. Wenye maduka ya jirani walikuita mwoga, na ulisikia, ukaendelea kukunja vitenge vyako.

Kisha simu ya kule ikanyamaza. Zawadi, binti wa Mama Zawadi, alikuwa amebaki kule kwa bibi yake, na bibi hakupatikana tena. Mama yake akaacha kula. Alikaa kwenye kona ya duka ameshika simu, na kila ilipolia alishtuka mwili mzima. Sijawahi kuona hofu ya namna ile, na bado inaniuma nikiikumbuka.

Ukamvuta Mama Aline pembeni. Nilikuwa napima kitambaa, nikasikia kila neno.

"Mdogo wangu, sikuulizi habari za vita. Nakuuliza kama kaka yako mwenye lori anaweza kufika kwa bibi yake Zawadi."

"Mama yake ananiita nyoka, dada."

"Mtoto hajakuita chochote."

Mama Aline akachezea pindo la kitenge. Halafu akatoa simu. Hakuna mtu mwingine Kariakoo yote ambaye angeweza kumwomba jambo lile, mama. Angekukatalia kama ungekuwa umeshachagua. Hapo ndipo nilipoelewa ulikuwa unatunza nini miezi yote ile ya kuitwa mwoga.

Kaka yake Mama Aline alimpitisha Zawadi kati ya magunia ya maharage mpaka ziwani, mtoto akavuka kwa boti hadi Kigoma, akapanda basi la kuja huku na mama mmoja msamaria mwema. Ulimpokea wewe, maana mama yake alikuwa ameketi chini pale stendi akilia. Ulimbeba mgongoni kwa kitenge kipya cha dukani, mtoto mkubwa vile, na wewe na magoti yako mabovu. Nakuonea fahari mpaka leo.

Sitakudanganya kwamba wale wawili wamepatana. Kwenye msiba wako walikaa mikeka tofauti. Lakini wote walipika, na sasa wote wanakuja kula dukani, wananisalimia mimi kwanza ili wasilazimike kuanza kusalimiana wao. Nawaacha. Naogopa kidogo, maana sina uvumilivu wako, lakini sinia lipo.

Juzi Zawadi alinikuta nafunga duka, akaniuliza, "Shangazi, bibi Mama Upendo alikuwa upande wetu ao wa wale?"

Nikamwambia, "Alikuwa upande wako wewe."

Pumzika, mama. Dukani nipo.

Binti yako,
Upendo