Jaketi la Kulalia

Dada, cha kwanza nilichokiona ni mshono wa bega. Ulikaa sawasawa. Nikajisemea, jaketi langu la kupigia shabaha ni hili.

Nimesimama mbele ya kioo, limenikaa kama nimezaliwa nalo! Nikasahau kwamba sisi tunapiga shabaha tukiwa tumelala.

Mwalimu wetu wa shabaha akachutama mbele yangu. "Bi harusi, umependeza. Sasa lala kifudifudi, shika bunduki."

Nikalala, nikakunja viwiko. Kifungo kikaruka. Dada, kifungo KILIRUKA, kikamgonga mwalimu kwenye paji la uso!

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Leo hajakosa shabaha!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu akaniletea jingine, kuukuu, pana kama gunia. Nikalala nalo. Shingo huru, bunduki imetulia tuli.

Akauliza, "Unalichukua hili baya, au unarudi kwenye kioo? Kesho nachagua timu."

Nikatazama sakafu, kimya. Si unanijua. Akadhani silitaki, akalirudisha kabatini. KABATINI, dada!

Tangu nirudi nazunguka chumba hiki, kukaa siwezi.

Lile baya nalitaka. Na timu naitaka, kuliko wote walionicheka. Sijawahi kulitamka hili kwa mtu.